Neno la tawi: mvua, misitu na mkutano wa kijiji

*KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI, KASESYA*

Haya ndiyo tuliyozungumza kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani na safarini. Msomee na asiye na simu.

Ndugu zetu, tarehe 29 Februari 2024 majirani zetu wa Zambia walitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwaka huohuo nchi yetu ilikubali kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Sisi wa mpakani hatukuhitaji kusubiri taarifa ya habari, maana tuna ndugu na wakwe ng'ambo ya pili. Tuseme ukweli: wengine tuliwahurumia huku tukifurahia bei. Lakini ukame hauna pasi ya kusafiria. Siku ukivuka mpaka na Ufipa ikakosa mahindi, sisi tutanunua kwa nani?

Kila tukiligusa jambo hili, mtu husema: "Walioharibu hali ya hewa ni wenye viwanda vikubwa. Sisi wa jembe tufanye nini?" Ni kweli, Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Deni kubwa ni la wengine, na serikali yetu tuitume iwadai. Ila msitu unaokatwa juu ya chanzo chetu cha maji haukatwi na mtu wa Ulaya.

Tawi letu nalo lina lawama. Wanaochoma mkaa na wanaolima hadi ukingoni mwa mto wamo miongoni mwetu. Tumekaa kimya kwa kuogopa kupoteza kura. Ukimya huo tunauacha leo.

Nguvu ya mwananchi wa kawaida iko kwenye *mkutano mkuu wa kijiji*. Kisheria unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, awe wa chama chetu, cha wengine au hana chama. Tunawaomba mambo manne:

*1. Tuhudhurie, na hoja iandikwe.* Malalamiko ya kilabuni hayafiki Matai. Yaliyoandikwa kwenye muhtasari yana pa kuanzia, na mkutano unaofuata tutauliza yamefikia wapi.

*2. Tudai mita 60.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Tuombe ipimwe na alama ziwekwe mbele ya watu wote. Shamba la kiongozi wa tawi likiwa ndani ya alama, lianze hilo kuachwa.

*3. Tutunge sheria ndogo ya msitu na moto.* Halmashauri ya kijiji hupendekeza, wananchi hutoa maoni, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Ndani yake anayeishi kwa mkaa atafutiwe njia nyingine. Tukimfukuza tu, atarudi usiku. Tuangalie jirani zetu wa Katavi: vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vimetunza misitu yao na vinalipwa kwa biashara ya kaboni, fedha zinazojenga madarasa na zahanati.

*4. Tumwite afisa ugani, na wazee wawepo.* Wafipa walilima kwa ntumba, majani yakifukiwa kwenye matuta yaoze yawe mbolea, badala ya kuchomwa moto. Anayelijua vizuri alifundishe kabla hajaondoka nalo.

Na diwani na mbunge wakija, wawe wa kwetu au wa wengine, tuwaulize swali moja: katika bajeti ya mwaka huu, kuna nini kwa ajili ya maji na misitu ya Kalambo? Jibu nalo liandikwe.

Hatuahidi kwamba mvua itarudi kama zamani kwa sababu ya muhtasari. Tunachoahidi ni kwamba watoto wetu wakiuliza tulikuwa wapi, majina yetu yatakuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Tukutane mkutanoni. Mwambie na jirani.

*Uongozi wa Tawi, Kasesya*