Matumizi Salama ya Maji ya Mboji



Chini ya lundo la mboji huchuruzika maji meusi. Wengi huyaacha yapotee. Sisi twawasihi myakinge, kwani yamebeba naitrojeni na potasiamu zilizoyeyuka. Wekeni lundo juu ya turubai lililoinama kidogo, kisha mchimbie ndoo upande wa chini.

Hata hivyo, lundo lenye samadi mbichi ya ng'ombe hutoa pia vijidudu vya maradhi ya tumbo. Kwa hiyo, changanyeni kopo 1 la maji hayo na makopo 10 ya maji safi. Mwagilieni udongo shinani, wala si majani. Mboga iliwayo mbichi isimwagiliwe kabisa. Yakitoa uvundo, yarudisheni kwenye lundo. Msiyahifadhi katika chupa za soda: mtoto mwenye kiu hatatofautisha.

Atakayewauzia maji hayo kama mbolea, mwulizeni usajili wake. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea iuzwayo iwe imesajiliwa na yenye lebo. Chupa isiyo na lebo msiinunue, hata ikiwa bei yake ni nafuu.