Gharama za Matanga: Nani Alipe Tanga Likichakaa?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya Mratibu wa Miradi ya Uvuvi mbele ya kamati za maendeleo za parokia za pwani na wageni wafadhili. Tumeyafupisha kidogo. – Mhariri)

 

Nimepewa dakika ishirini nieleze bajeti ya vyombo vya uvuvi. Nitachukua fungu moja tu, kwa sababu ndilo linalotugombanisha kila mwaka: fungu la matanga. Safari moja tuliandika kwenye maombi "gharama za matanga, mashua nne" tukayapeleka bara. Mhasibu, ambaye hakulelewa pwani, akatujibu kwa barua ya kutupa pole kwa misiba minne, akiuliza kama shirika lina utaratibu wa kuchangia mazishi. Tulicheka sana. Siku hizi tunaandika "tanga la mashua" ili tusieleweke vibaya.

Suala lililo mezani ni hili. Vikundi vitatu vilivyopewa mashua vimeomba vinunuliwe matanga mapya. Kwa vikundi viwili hii ni mara ya pili. Kamati zenu zimeyapitisha maombi haya kwa huruma, na ninaielewa huruma hiyo, maana mashua isiyo na tanga ni ubao unaoelea. Hata hivyo nitawaomba msiyapitishe kama yalivyo, na nitawaomba wageni wetu wasiyalipie. Nipeni nafasi nieleze.

Kwanza tujue tanga linakufaje. Wengi hudhani linauawa na upepo. Upepo hulimalizia tu, lakini muuaji ni jua. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Nyuzi za plastiki, yaani zile za viroba na maturubai ya rahisi ya rangi ya buluu ambayo wavuvi wengi huyashona kuwa tanga, huvunjika kwa jua mpaka zikawa unga mkononi. Zisipotiwa dawa ya kukinga jua kiwandani ni miezi tu, hazifiki mbali. Kitambaa cha poliesta huvumilia zaidi. Pamba nayo inavumilia jua kiasi, ila ina adui wake, ambaye ni ukungu: ikunje ikiwa na maji, iache siku tatu, utaona madoa meusi, na penye doa ndipo itakapochanika.

Halafu kuna uzi. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Uzi unakufa kabla ya kitambaa. Uzi ni mwembamba, umekaa juu ya kitambaa, jua linaupata pande zote. Mara nyingi tanga linaloletwa kwetu likiitwa "bovu" kitambaa chake bado kizima, kilichooza ni mishono. Tanga kama hilo linahitaji sindano na siku mbili za fundi, halihitaji ombi kwa mfadhili. Katika maombi haya matatu nilikwenda kuyaona matanga yenyewe. Moja kweli limekwisha. Mawili yalikuwa yamefumuka.

Zamani jambo hili halikuwa la fedha. Mitepe ya Lamu, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, vilikuwa na tanga la mkeka. Likichakaa, watu walisuka jingine. Baadaye ikaja pamba. Wazee wetu bado wanakiita kile kitambaa cheupe kisichotiwa rangi "marekani", kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Tangu tuanze kununua kitambaa cha mtu mwingine, tanga limekuwa deni la kila baada ya muda. Sina maana turudi kwenye mkeka. Nataka tu tukubali kwamba tanga ni kama unga jikoni: linaisha, na siku ya kuisha inajulikana mapema.

Sasa hesabu. Tuchukue mashua ya kawaida yenye tanga la kimo cha mita 8 na upana wa mita 6 chini. Ni pembetatu, kwa hiyo eneo lake ni mita za mraba 24. Kitambaa cha upana wa mita moja na nusu kitahitajika mita 16, uongeze robo kwa mishono na vipande vya pembeni vinavyopotea, unapata mita 20. Nitaweka shilingi 10,000 kwa mita kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Ninyi mtaweka bei ya duka la kwenu. Kitambaa ni 200,000. Uzi na kamba ya ukingoni tuseme 40,000, fundi 60,000. Jumla 300,000. Likidumu miaka miwili, ni 150,000 kwa mwaka. Kikundi kinachovua siku 150 kwa mwaka kinatakiwa kiweke kando shilingi 1,000 kwa siku. Wakiwa watano chomboni, ni shilingi 200 kwa kila mmoja.

Ndugu zangu, hicho ndicho kiasi tunachoandikia barua Ulaya.

Najua mtaniuliza: kama ni ndogo hivyo, mbona hawaweki? Sababu ya kweli ni msimu. Tanga halipasuki wakati wa kaskazi, samaki wanapopatikana na bahari imetulia. Hupasuka wakati wa kusi, Juni, Julai, Agosti, upepo unapokuwa mkali, na ndiyo miezi ambayo mvuvi hana kitu mfukoni kwa sababu siku nyingi hawezi kutoka. Basi anakwenda kwa tajiri wa samaki. Tajiri anampa tanga siku hiyo hiyo, hana fomu wala kikao. Sharti lake ni moja tu: samaki wote wauzwe kwake.

Tuseme anawapunguzia shilingi 500 kwa kilo, nao wanaleta kilo 20 kwa siku. Anachukua 10,000 kila siku. Baada ya siku 30 za kuvua amekwisha kupata 300,000, bei ya tanga zima, na deni lenyewe bado lipo palepale. Akina mama wakaanga samaki waliokuwa wakinunua ufukweni kwa kikundi hicho wanakuta samaki wamekwisha kwenda kwenye barafu ya tajiri. Nimewahi kukaa na kikundi kilichokuwa na mashua yetu, yenye nembo yetu ubavuni, na kwa muda wa mwaka mzima hakuna samaki hata mmoja waliyempangia bei wenyewe. Kwenye ripoti yetu kikundi hicho kiliandikwa "kinaendelea vizuri" kwa sababu mashua ilikuwa inatoka kila siku. Gharama ya tanga ndiyo hiyo, wala sikuitafuta dukani.

Na iko gharama nyingine isiyohesabika. Tanga likipasuka nje ya mwamba wakati wa kusi, chombo hakiwezi kubisha kurudi. Kinasukumwa kaskazini. Wako watu wa vikundi vyetu waliolala usiku mbili baharini kwa mshono uliokuwa ukionekana dhahiri kwamba umeoza. Walirudi, tunamshukuru Mungu. Nahodha aliniambia alikuwa anasubiri jibu la maombi.

Nije kwenye kifuniko, maana kimeandikwa kwenye ajenda na najua wengine wanaona ni anasa. Mgeni wetu mmoja aliyetutembelea, mwenye kamashua ka tanga huko kwao, aliniuliza kwa nini matanga yetu yanaanikwa juani siku nzima hali vyombo vimefunga. Kwao kila tanga lililokunjwa linavalishwa kitambaa juu, na alilalamika kwamba kukishona upya kile kifuniko kumemgharimu fedha nyingi. Nikamwambia sisi kifuniko hatuna, kwa hiyo tunalipa tanga. Kwenye ngalawa jambo ni jepesi, mtu hulifungua tanga akalibeba begani mpaka nyumbani. Lakini foromali ya mashua yenye zaidi ya mita kumi hutaibeba kila jioni, hivyo tanga linabaki limeviringwa juu yake, na jua linakula upande ule ule kila siku.

Tulijaribu kushona vifuniko. Mita tano na nusu za kitambaa kile kile, ukizipasua katikati kwa urefu na kuziunga, unapata utepe wa mita 11 wenye upana wa sentimita 75. Unatosha kufunika tanga lililokunjwa, ukifungwa kwa vikamba chini. Wavuvi wakaliita kanzu. Kwa bei yangu ile ya mfano kanzu ni 55,000, na fundi na uzi 15,000, jumla 70,000.

Je, inalipa? Nisiwadanganye, faida yake si kubwa kama wengine wanavyosema. Ikiwa tanga linatugharimu 150,000 kwa mwaka, kanzu ya 70,000 inajilipa pale tu itakapoliongezea tanga karibu miezi sita. Ikiongeza mwaka mzima, tumeokoa shilingi 80,000 kwa miaka mitatu. Si utajiri. Lakini ukiikata kanzu kutoka kwenye sehemu nzima za tanga la zamani, unalipa 15,000 ya fundi peke yake, na hapo hakuna mjadala tena. Matanga ya zamani hayatupwi. Sehemu ya chini karibu na sitaha mara nyingi bado ina nguvu. Angalizo: tanga la pamba msilifunike kwa plastiki. Litatoka jasho ndani na kuoza upesi kuliko lingeachwa wazi. Na kanzu ya aina yoyote iachwe wazi kidogo chini, hewa ipite.

Sasa ninachopendekeza. Kwa tanga lile moja lililokwisha kabisa, kikundi kikopeshwe kutoka mfuko wa parokia, kirudishe katika msimu wa kaskazi, mapema, kabla tajiri hajawafikia. Nimesema kikopeshwe, sikusema kipewe. Yale mawili yashonwe. Na kuanzia sasa, kila ombi la chombo kipya liandikwe likiwa na matanga mawili, kanzu, uzi wa akiba na sindano, siku ya kwanza. Wageni wetu, hapa nazungumza nanyi. Fedha za kununua chombo tunazipata, fedha za kukitunza hatuzipati, maana masharti ya miradi mingi yanapenda kitu kipya kinachoweza kupigwa picha. Wazee husema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Tungeomba mtupunguzie idadi ya mashua, mkatuongezea nyenzo. Mkituuliza mwaka huu mtoe mashua nne au tatu zenye vifaa kamili, sisi tuna jibu: tatu.

Kuhusu mashine za boti, najua mtaniuliza. Sizikatai. Mahali pa mkondo mkali, au wanapokwenda mbali na barafu, mashine ina kazi yake. Ila mashine iliyokosa mafuta haina kiraka, na kila kikundi chenye mashine bado kinahitaji tanga la kumrudishia mtu nyumbani.

Kwa vikundi vyenyewe, msingi upo tayari, tusilete kitu kigeni. Pwani pato hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Fungu la chombo ndilo tanga. Shida ni kwamba chombo kikiwa cha msaada, watu huona fungu lake halina mwenyewe, wakaligawana. Kamati ya parokia isilishike fungu hilo. Si kazi yake, na wengi wa wanakikundi wetu ni Waislamu ambao wana haki ya kuuliza kwa nini fedha zao zikae parokiani. Likae kwenye sanduku la kikundi lenye funguo tatu kwa watu watatu, lihesabiwe Ijumaa, siku ambayo wengi hawaendi baharini. Ninachoomba kamati ifanye ni kuuliza kila mwezi mmefikisha shilingi ngapi, na kulitazama tanga lenyewe kwa macho, hasa mishono, kabla Aprili haijaingia.

Yule mzee aliyekaa karibu na dirisha ni fundi wa matanga. Amekuja na moja kati ya yale mawili yaliyofumuka. Baada ya chakula atalitandika hapo uani, chini ya mwembe, na kila kamati itoe mtu mmoja ajifunze kuupima uzi kwa kucha, kuujua uliooza na ulio mzima. Sindano ziko za kutosha.