Lovecraft: Hofu na Chuki

Howard Phillips Lovecraft alizaliwa mwaka 1890 mjini Providence, Marekani, akafa humo humo mwaka 1937 akiwa fukara, hadithi zake nyingi zikiwa zimetoka katika majarida ya bei rahisi kama Weird Tales. “The Call of Cthulhu” ya mwaka 1928 iliipa fani ya hadithi za kutisha mkondo mpya: badala ya mzuka wa nyumba moja, msomaji anakabiliwa na ulimwengu usiomjali binadamu hata chembe.

Barua zake, hata hivyo, zimejaa dharau kwa watu weusi, Wayahudi na wahamiaji, ingawa mkewe, Sonia Greene, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ukraine. Akiwa Brooklyn mwaka 1925 aliandika “The Horror at Red Hook”, ambamo uovu unahusishwa zaidi na wageni. Humo chuki si doa la pembeni. Ndiyo inayoisukuma hadithi, na ndiyo inayoidhoofisha. Utetezi kwamba alikuwa mtu wa zama zake ni mwepesi mno.

Kwa miaka mingi tuzo ya fasihi ya World Fantasy ilikuwa sanamu ya kichwa chake. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliipokea mwaka 2011 na kuihoji sanamu hiyo hadharani. Mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kuiacha sanamu hiyo. Mwaka 2016 Victor LaValle, mwandishi mweusi wa New York, aliisimulia upya hadithi ya Red Hook katika kitabu, kwa macho ya kijana mweusi wa Harlem. Kitabu hicho alikitabaruku kwa Lovecraft.