Kutoka Kunadi Filamu hadi Kuitayarisha: Somo la Arthur P. Jacobs

Utangulizi



Hollywood imezoea kumwona ofisa uhusiano kama mtu wa pembeni: huwapangia mastaa mahojiano, huzima uvumi, hujaza ukumbi siku ya uzinduzi. Mada hii inadai kwamba mtu huyo tayari anaijua nusu ya kazi ya mtayarishaji. Hatari iko kwenye nusu iliyobaki.

Nusu anayoijua

Arthur P. Jacobs alianza kama tarishi katika studio ya MGM miaka ya 1940, akaingia idara ya matangazo, kisha akafungua kampuni yake ya uhusiano. Marilyn Monroe alikuwa mteja wake. Alipoanzisha kampuni ya filamu, APJAC, mtaji wake ulikuwa watu. Filamu yake ya kwanza, What a Way to Go! (1964), ilikusudiwa kuchezwa na Monroe. Monroe alipofariki mwaka 1962, nafasi ikaenda kwa Shirley MacLaine, akizungukwa na Paul Newman, Robert Mitchum na Dean Martin.

Ustadi wa kunadi ulionekana zaidi katika Planet of the Apes. Studio ziliikataa, kwa hofu kwamba watazamaji wangeangua kicheko wakiona waigizaji wenye nyuso za sokwe. Jacobs alichoresha picha za matukio, akampata Charlton Heston, na mwaka 1966 ikapigwa filamu fupi ya majaribio kuonyesha nyuso hizo. 20th Century-Fox ikakubali. Filamu ilitoka mwaka 1968, ikagharimu chini ya dola milioni 6, ikazaa nyingine nne.

Nusu asiyoijua

Miezi michache kabla ya Planet of the Apes ilitoka Doctor Dolittle (1967), ya Jacobs huyohuyo. Katika kijiji cha Castle Combe, Uingereza, mvua ilikwamisha upigaji picha. Wanyama nao hawakuwa wepesi kuongozwa. Gharama zikafika karibu dola milioni 17. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, lakini fedha hazikurudi. Ofisa uhusiano angehesabu uteuzi ule kuwa ushindi. Mtayarishaji alibaki na hasara.

Mapendekezo

Ava DuVernay, ofisa uhusiano mwingine, aliyefungua wakala wake mwaka 1999, alianza kutengeneza filamu kwa hadhari zaidi. Filamu yake I Will Follow aliitengeneza kwa takriban dola 50,000, akaisambaza kupitia mtandao aliouanzisha mwenyewe. Kosa la kiwango hicho hulipika.

Kwa hiyo napendekeza kwamba anayehama kutoka uhusiano kwenda utayarishaji:

1. Aanze na bajeti ambayo hasara yake anaweza kuibeba.
2. Amweke meneja wa uzalishaji mwenye mamlaka ya kumwambia hapana.
3. Atumie kipaji cha kunadi kabla ya kamera kuwashwa, kutafuta mastaa na fedha. Kamera ikishawashwa, asikitumie kuficha ratiba iliyochelewa.