Enameli ya Meno na Ukungu wa Asidi katika Viwanda vya Shaba vya Lualaba

Washiriki wa semina hii wanajua enameli ni nini, kwa hiyo sitakawia hapo. Ni ganda gumu la nje la jino, asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini, halina chembe hai, na likishaliwa halioti tena. Huanza kuyeyuka pH ya mdomoni inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kupunguza sukari, kutofungua chupa ya bia ya Simba kwa meno: yote ni sahihi, na tuendelee kuyafundisha. Lakini kwa mtu anayefanya kazi kwenye jumba la matangi ya kutolea shaba hapa Kolwezi hayatoshi, na kumwambia kwamba yanatosha ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Tangu kiwanda cha Shituru cha Likasi mwaka 1929 na kile cha Luilu mwaka 1960, sehemu kubwa ya shaba yetu imetolewa ndani ya matangi kwa asidi ya salfuri na umeme. Maji ya matangi hayo kwa kawaida hubeba gramu 150 hadi 200 za asidi kwa lita. Umeme ukipita, shaba hunata kwenye katodi, na kwenye anodi ya risasi hutoka oksijeni. Vipovu vyake hupanda na kupasuka juu ya maji, na kila kimoja hurusha hewani matone madogo ya asidi, ndiyo ukungu wenyewe. Mfanyakazi husimama juu ya matangi hayo, na penye kelele hupaza sauti, mdomo wazi. Ndiyo maana meno ya mbele hutangulia kuumia: upande wa midomo hupoteza mng'ao, ncha huwa nyembamba hadi kupitisha mwanga, kisha humeguka, na manjano ya ndani hujitokeza. Mwaka 1968 nchini Uingereza mtafiti ten Bruggen Cate alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 555 wa asidi. Karibu theluthi moja walikuwa na meno yaliyoliwa hivyo.

Wapo wanaosema kosa ni la sucré, yaani soda, ambazo vijana hunywa kutwa. Soda huchangia kweli, maana pH ya nyingi iko chini ya 3.5. Lakini sukari yake hutoboa jino kwenye mianya na mashimo ya kutafunia, wakati ukungu hula ncha za mbele. Daktari makini anaweza kutofautisha. Wengine hutegemea maziwa kama kinga, desturi ya viwanda vya nchi nyingi. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayazuii tone kutua kwenye jino. Wengine tena huona meno ni jambo dogo. Lakini ukungu huohuo, mwaka 1992, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliuweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwa ajili ya saratani ya koromeo la sauti. Jino lililoliwa linatuonyesha mapema kile ambacho koo limekuwa likivuta.

Mada hii hailengi kampuni yoyote. Hata hivyo napendekeza, kwanza kabisa, ukungu uzuiwe kwenye tangi: vipira vya plastiki vinavyoelea, vifuniko, feni za kunyonya hewa. Barakoa ya vumbi si barakoa ya asidi, na isihesabiwe hivyo. Mabomba ya maji safi yawe mlangoni mwa jumba, mtu asukutue kila anapotoka, na mswaki usubiri. Watafiti bado wanabishana kuhusu dakika za kusubiri, lakini enameli iliyolainishwa na asidi huchubuka kwa urahisi, kwa hiyo maji kwanza, mswaki laini baadaye. Sucré isinywewe zamuni. Meno ya mbele yapigwe picha siku ya kuajiriwa na kila mwaka, na nakala apewe mfanyakazi mwenyewe, hasa yule wa kampuni ya sous-traitance (ukandarasi mdogo), ambaye mkataba wake huisha kabla uharibifu haujaonekana na ambaye bila picha ya mwanzo hana cha kuionyesha CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Narudia: tangi lifunikwe kwanza. Kipimo cha ukungu kibandikwe ukutani pale wafanyakazi wanapobadilishia nguo, kikilinganishwa na miligramu 0.2 kwa mita ya ujazo, kiwango ambacho ACGIH, shirika la Marekani la wataalamu wa afya ya kazini, imekitumia tangu 2004, badala ya miligramu 1 ya zamani.