Marafiki wa Watoto Wetu ni Akina Nani?

Mazungumzo ya muuguzi, mwanachama wa jumuiya yetu hapa Marekani, mbele ya wazazi na vijana, katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba.



Kamati ilituomba tuseme mambo ya afya. Bila shaka mlitarajia shinikizo la damu na kisukari, na hayo tutayasema siku nyingine. Leo tunaomba tuzungumze juu ya kitabu cha hadithi, tena cha Kimarekani, siku hii ya Uhuru wetu. Asishangae mtu. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi changa mikononi, alikaa akamtafsiri Shakespeare, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Kitabu cha wengine kikisomwa vizuri hutuonyesha ya nyumbani kwetu.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Outsiders, yaani waliowekwa nje. Kilitoka mwaka 1967. Mwandishi wake, S. E. Hinton, ni msichana wa Tulsa, Oklahoma, aliyeanza kukiandika akiwa na miaka 15 na kukiona kimechapishwa akiwa na miaka 18. Herufi hizo mbili ni Susan Eloise. Wachapishaji walihofia kwamba wahakiki wakiona jina la kike watakidharau kitabu cha maisha ya wavulana. Vijana, atakayewaambia bado ni wadogo mno kuwa na la kusema, mpeni habari za binti huyu.

Shule nyingi za hapa husomesha riwaya hii, na mwanetu aliletewa akiwa darasa la nane. Asubuhi moja tulirudi kutoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili za kusimama, miguu imevimba. Tukamkuta mezani na kitabu badala ya kujiandaa kwenda shule. Tukamuuliza kinahusu nini. Akasema ni vijana wa makundi mawili, matajiri na maskini, wanaopigana hadi mmoja anachomwa kisu. Tukafoka: kumbe hata shule inawafundisha uhuni! Hakujibu. Alikifunga, akakisukuma hadi mbele yetu, akasema, "Mama, soma kwanza."

Tuseme ukweli kwa nini tulifoka. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumempiga marufuku rafiki yake asikanyage kwetu. Mvulana mwembamba, nywele hazijachanwa, sweta la kofia limemshuka hadi machoni, salamu yake ya kunong'ona. Alikuwa anakuja kila siku baada ya shule na kula maharage yetu. Hatukumuuliza hata anaishi wapi. Tulisema tu kwamba ndege wa rangi moja huruka pamoja, na mlango ukafungwa.

Basi tukakichukua kitabu kazini, tukakisoma saa tisa usiku kwenye chumba cha mapumziko. Msimulizi ni Ponyboy, wa miaka 14. Wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari, na analelewa na kaka yake Darry, kijana wa miaka 20 tu. Wao ni wa upande wa maskini, wanaoitwa Greasers kwa sababu ya nywele zao ndefu zenye mafuta. Mji mzima ukiona nywele zile umeshatoa hukumu. Rafiki yake Johnny ana miaka 16. Kwao anapigwa na baba, na mama hana habari naye. Nyumba yake halisi ni marafiki zake.

Usiku mmoja vijana wa upande wa matajiri wanamzamisha Ponyboy kwenye maji ya chemchemi ya bustani, nusura wamuue. Johnny anamchoma mmoja wao kisu, naye anakufa. Wawili hawa wanakimbia na kujificha katika kanisa lililoachwa. Kanisa linashika moto watoto wakiwa ndani, na ni wao "wahuni" wanaoingia kuwatoa. Boriti inamwangukia Johnny, inamvunja mgongo, na moto unamuunguza vibaya.

Sasa njooni hospitali, maana huko ndiko kwetu. Johnny amelala mahututi. Rafiki zake wanafika, muuguzi anawazuia: ni jamaa tu wanaoruhusiwa. Daktari anamwambia awaache waingie, maana mgonjwa amekuwa akiwaulizia. Baadaye mama mzazi anakuja, na Johnny anakataa kumwona.

Hapo tulikifunga kitabu. Wauguzi wenzetu mlio humu mnajua kwa nini. Sote tumewahi kusimama kwenye mlango ule. Tumewaona vijana wamejikunja kwenye viti vya baridi mpaka alfajiri, wanasubiri habari za mwenzao, nasi tukiwauliza, "Wewe ni nani wake?" Wanajibu, "Rafiki tu." Hilo "tu" ni letu sisi wakubwa. Wao hawalimaanishi.

Kuna jambo jingine lililotuchoma zaidi. Kijana akiletwa kwetu hospitalini tumefundishwa kuzungumza naye faraghani na kumuuliza kwa upole: nyumbani kukoje, shuleni kukoje, rafiki zako ni nani, unalala usingizi? Maswali hayo tumewauliza watoto wa watu miaka nenda rudi. Usiku ule tulijihesabu tukaona mwanetu hatujamuuliza hata moja.

Tulimuuliza asubuhi ile. Alituambia kwamba tulipohamia mji huu alikula chakula cha mchana peke yake shuleni kwa miezi miwili, wenzake wakicheka matamshi yake. Mvulana wa sweta ndiye aliyebeba sinia lake akaja kukaa naye. Kwetu alikuwa anakuja kwa sababu kwao hakukuwa na mtu hadi usiku. Tukamwambia mwanetu amlete Jumamosi tupike. Akasema, "Mama, walishahama." Hatukupata nafasi ya kumwomba radhi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tuliijua tangu shule ya msingi, na bado tulimfukuza yule aliyeitimiza.

Wala hatukuwa na sababu ya kusahau. Sisi wenyewe tulifika nchi hii na sanduku moja. Rafiki alitulaza sebuleni kwake. Rafiki mwingine alitubebea zamu ili tufanye mtihani wa chuo. Shahada ya uuguzi iliyo ukutani ina jina moja, lakini ina mikono mingi.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, ombi letu ni dogo. Kabla ya kumhukumu rafiki wa mtoto, mpe sahani ya chakula na umuulize maswali matatu: jina lake, anaishi na nani, anapenda nini. Huenda kweli ana tabia mbaya. Wapo, na mzazi ana haki ya kukataza. Lakini akataze anachokijua. Sweta si tabia.

Nanyi vijana, mtazameni Darry. Aliacha ndoto ya chuo, anaezeka mapaa ya watu ili wadogo zake wasitenganishwe. Siku Ponyboy anachelewa kurudi, Darry anamzaba kibao, naye anaamini kaka hamtaki. Ni baada ya moto, hospitalini, anapomwona Darry analia, ndipo anaelewa kwamba ule ukali wote ulikuwa woga wa kumpoteza. Kile kibao kilikuwa kosa, hatukitetei. Ila wazazi wenu wanaofanya kazi mbili wana woga huo huo, na mara nyingi hutoka mdomoni kama kelele. Nasi tujifunze kuutamka kama ulivyo, watoto wasisubiri hospitali ndipo watuelewe.

Mwanetu sasa yuko kidato cha juu. Kitabu kile bado kiko kwetu, pembe zimekunjika, kina doa la chai ya usiku ule. Kila rafiki anayebisha hodi siku hizi anakaribishwa mezani, na maharage tumeanza kupika sufuria kubwa.

 Heri ya Uhuru.