Ramani ya Mikoko Huanzia Mashuani

Hotuba kwa wanakamati wa vyama vya misitu vya jamii, Kaunti ya Lamu, katika mafunzo ya uchoraji ramani



Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu. Mkataji wa boriti anaujua msitu huo kwa mikono ya bahari anayopita na mashua. Ofisa wa mjini anaujua kwa karatasi. Wawili hao wakitofautiana, mara nyingi karatasi ndiyo inayoshinda, hata pale ilipokosea. Ndiyo sababu mafunzo haya yanawalenga wanaoingia msituni, si maofisa peke yao.

Picha zenyewe hazinunuliwi. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hurudi mahali pamoja kila baada ya siku chache, na picha za Landsat ya Marekani, zilizoanza mwaka 1972, ni za bure tangu 2008. Programu ya QGIS nayo haiuzwi. Kinachokosekana ni kompyuta na watu waliofundishwa. Kituo cha RCMRD, Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1975, hufundisha kazi hii, lakini safari ya kutoka Faza hadi Nairobi si ya kila mtu, hasa mama mwenye watoto wadogo.

Picha ya angani ina udhaifu wake. Katika Sentinel-2, eneo la mita 10 kwa mita 10 huonekana kama kitone kimoja. Msitu ulioondolewa nguzo zote nzuri ukabakiwa na miti iliyopinda huonekana kijani vilevile. Kinyume chake pia hutokea: mahali palipopandwa miche juzi, picha ikipigwa maji yamejaa, huonekana bahari tupu. Ramani ikiandika "tupu", anayetaka eneo hilo kwa shughuli nyingine amekwisha pata ushahidi, na waliopanda wataanza kujitetea wakiwa nyuma.

Kwa hiyo vikundi vitaingia maji yakipwa, kila kimoja na kifaa cha GPS. Vitaandika aina ya mti, mkoko au mkandaa, mchu au mlilana, kimo chake, na visiki vilivyopo. Chini ya matawi mazito kifaa huweza kukosea kwa mita kadhaa, basi asimame mtu kwanza namba zitulie. Haraka hapa huharibu kazi ya siku nzima. Majina ya mahali yaandikwe kama yanavyotamkwa na wenyeji; ramani nyingine zina majina ya Kibajuni ambayo Mbajuni mwenyewe hayatambui.

Baadhi ya wazee wameuliza kama kuonyesha mashimo ya kaa na mizinga ya nyuki si kuwaalika wageni. Hofu hiyo ina msingi. Kilichokwisha kuwekwa wazi kwenye ramani hakirudishwi. Kamati ndiyo itakayoamua ni alama zipi zibaki kwake na zipi zipelekwe kaunti, na uamuzi huo ufanywe kabla ya kutoka, si baada ya kurudi.

Rasimu itabandikwa katika ofisi za machifu na kwenye madiko. Atakayeona njia yake ya mashua imesahauliwa, aichore papo hapo kwa kalamu.